Usultani Uliotengenezwa Ofisini: Mageuzi ya Waingereza Yaliiachia Nini Zanzibar?

Seyyid Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, alifariki dunia mjini Muscat tarehe 30 Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 95. Alikaa kwenye kiti kwa muda usiotimia miezi saba, kuanzia Julai 1963 hadi Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, kisha akaishi Uingereza, katika mji wa Portsmouth, hadi aliporuhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020. Kifo chake kiliufufua mjadala ambao Wazanzibari, walioko visiwani na walioko ng'ambo, hawajawahi kuufunga. Wako waliomkumbuka kama mrithi wa dola iliyostawi na kuheshimika tangu enzi za Seyyid Said bin Sultan, na wako waliomkumbuka kama ncha ya mwisho ya utawala wa kimwinyi uliowakandamiza walio wengi kwa zaidi ya karne moja. Pande hizi mbili zinapingana karibu kwa kila jambo, lakini kuna dhana moja ambayo zote zinaichukua bila kuihoji, nayo ni kwamba kiti alichokalia Jamshid kilikuwa ni kile kile cha babu zake.

Hoja yangu ni kwamba dhana hiyo si sahihi, na kwamba tunapoishikilia tunaikosea tafsiri historia yote ya Zanzibar ya karne ya 20. Usultani wa mwaka 1963 ulitengenezwa na maofisa wa Kiingereza kati ya mwaka 1890 na 1914, kwa shinikizo lililofanywa kwa jina la kurekebisha utawala. Shinikizo hilo lilinyoosha hesabu za serikali, na jambo hilo sitalikana. Hata hivyo, halikuufanya ukoo wa Busaidi, yaani ukoo wa masultani hawa, uwajibike zaidi kwa watu uliowatawala. Lilichofanya ni kumbadilisha yule ambaye ukoo huo ulipaswa kumwogopa: tangu hapo, sultani hakuwa na haja ya kumridhisha mtu yeyote visiwani ilimradi balozi wa Kiingereza ameridhika.

Ili tuuone uzito wa badiliko hilo, ni lazima kwanza tuutazame utawala wa kabla yake bila kuupamba. Seyyid Said na wanawe, Majid na Barghash, hawakuwa na baraza la wawakilishi wala bajeti. Mapato makuu yalikuwa ushuru wa forodha, na forodha yenyewe haikukusanywa na serikali. Ilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, kwa miaka mingi nyumba ya Jairam Shivji na baadaye Taria Topan, ambao walimlipa sultani kiasi kilichopangwa kwa mwaka, kisha wakajikusanyia wenyewe kwa wenye bidhaa. Fedha za nchi na fedha za nyumba ya sultani zilikuwa kitu kimoja. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa kwa kazi ya watumwa, na ukoo wa kifalme ulikuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa. Sultani aliweza kumfunga mwanazuoni kwa sababu ya msimamo wake wa kidini, kama Barghash alivyomfanyia Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui. Anayetaka kutuambia kwamba huo ulikuwa utawala wa haki ana kazi kubwa ya kufanya.

Pamoja na hayo yote, sultani wa zamani alikuwa na watu wa kuwaogopa. Mwaka 1859, Majid alipokuwa mtawala, ndugu yake Barghash aliasi kwa msaada wa ukoo wa Al-Harthi, na uasi huo haukuzimwa hadi jeshi la majini la Uingereza lilipoingilia kati upande wa Majid. Sultani alilazimika kupima nguvu za koo kubwa za Kiarabu, madai ya wafanyabiashara waliomkopesha, kauli za makadhi na masheikh wa Kisunni na Kiibadhi, na masharti ya maliwali (magavana wake) na wakubwa wa mwambao kuanzia Lamu hadi Kilwa. Kwa muda mrefu alilazimika pia kumwachia Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa wenyeji wa Unguja, aliyekuwa na makao yake Dunga, sehemu ya mamlaka juu ya wenyeji wa kisiwa. Haya hayakuwa mizani ya kidemokrasia, na mtumwa aliyekuwa shambani hakufaidika nayo hata kidogo. Yalikuwa, hata hivyo, mizani halisi, na yalimlazimisha mtawala kufanya siasa na watu wa nchi yake. Inafaa kukumbuka kwamba ukoo wa Busaidi wenyewe ulikuwa umeshaanza kuivunja mizani hiyo. Mwinyi Mkuu alibakizwa na heshima na sehemu ya kodi huku uamuzi wa mambo makubwa ukihamia mjini, na miaka 30 baadaye jambo la namna hiyo hiyo likaufika ukoo uliomtendea hivyo.

Mkono wa Uingereza ulikuwapo tangu mapema. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko India, alitoa uamuzi wa kuzitenganisha Oman na Zanzibar na kuitaka Zanzibar ilipe Muscat reale 40,000 kila mwaka. Mwaka 1873, mwaka mmoja baada ya kimbunga kikubwa kuiangamiza mikarafuu ya Unguja na merikebu za sultani, Barghash alilazimishwa kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, huku konsuli John Kirk akimtishia kuuzingira mji kwa manowari. Lakini katika hatua hizo Uingereza ilikuwa bado inamtaka sultani afanye jambo fulani na kumwachia namna ya kulitekeleza. Barghash alitumia nafasi hiyo: alileta maji safi mjini kutoka chemchemi za nje, alianzisha mtambo wa kuchapisha vitabu, alinunua meli za biashara, na mwaka 1883 akajenga jumba la Beit al-Ajaib. Mageuzi yake yalikuwa ya mtu mmoja na yalitegemea mapenzi yake, ila ni ushahidi kwamba ukoo haukuwa umelala ukimngoja Mzungu auamshe.

Badiliko la kweli lilikuja baada ya Himaya, yaani nchi kuwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza, kutangazwa mwaka 1890. Mkataba wa Juni mwaka huo, uliotiwa saini na Seyyid Ali bin Said, sultani wa wakati huo, uliipa Uingereza haki ya kumkubali au kumkataa mrithi wa kiti. Mwaka uliofuata alikuja konsuli mkuu mpya, Gerald Portal, ambaye aliuona utawala wote kuwa ni uozo unaopaswa kufagiliwa. Ilipofika Oktoba 1891 alikuwa amekwisha kuunda serikali mpya. Sultani alipangiwa posho ya mwaka, na kilichozidi hapo kikawa mali ya hazina. Idara za forodha, bandari, polisi, posta na kazi za umma ziliwekwa chini ya Wazungu. Juu yao akawekwa Lloyd Mathews, ofisa wa zamani wa jeshi la majini aliyekuwa ameliunda jeshi la Barghash tangu mwaka 1877, naye akapewa cheo cha Waziri wa Kwanza. Kwa jina, Mathews alikuwa mtumishi wa sultani. Kwa hakika, sultani hakuweza kumwondoa bila ya idhini ya konsuli. Mtumishi ambaye bwana wake hawezi kumfukuza ndiye bwana, na kila aliyekuwa mjini wakati ule alilijua hilo.

Wanaoyatetea mageuzi ya Portal wana hoja moja nzito, nami naipa haki yake. Wanasema kwamba kwa mara ya kwanza mapato ya nchi yalitenganishwa na mfuko wa familia, matumizi yakapangwa, na mahesabu yakaweza kukaguliwa. Hilo ni kweli, na nchi yoyote ingelihitaji. Lakini swali la mtu makini halina budi kuwa: yalikaguliwa na nani, na kwa faida ya nani? Hapa kuna kisa kimoja ambacho ningependa kila anayezungumzia utawala bora wa enzi hiyo akijue kwa undani. Mwaka 1890, pwani ya Tanganyika ilipotoka mikononi mwa sultani na kuingia mikononi mwa Wajerumani, Ujerumani ililipa fidia ya maki milioni 4, sawa na pauni 200,000. Fedha hizo hazikuja Zanzibar kuendeleza nchi. Ziliwekwa London, na mwaka 1895, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipoishiwa nguvu na serikali ya Uingereza ikataka kuichukua nchi ambayo leo ni Kenya, kampuni hiyo ililipwa pauni 250,000 ili iondoke. Pauni 50,000 zilitoka kwa hazina ya Uingereza. Pauni 200,000 zilizobaki zilikuwa ni zile zile za Zanzibar.

Tufuatilie hesabu hiyo hadi mwisho, kwa maana ndani yake ndimo mfumo wote unapoonekana. Zanzibar ilikuwa imeikodisha kampuni hiyo pwani yake, ule ukanda wa maili 10 tunaouita Mwambao. Kampuni iliposhindwa, fedha za Zanzibar zilitumika kuununua ukodishwaji wa ardhi ambayo ilikuwa mali yake, na mara ardhi hiyo ikakabidhiwa kwa utawala mpya wa Kiingereza wa bara. Kwa malipo, sultani aliahidiwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, na juu yake pauni 6,000 ambazo ni riba ya asilimia 3 ya zile pauni 200,000. Jumla yake, pauni 17,000, haikupandishwa kwa miongo yote iliyofuata, hadi Mwambao ulipounganishwa rasmi na Kenya mwaka 1963. Hakuna senti iliyoibwa katika muamala huo. Kila kitu kiliandikwa, kilipigiwa muhuri na kilikaguliwa. Utaratibu wa mahesabu ulikuwa safi kabisa. Tatizo ni kwamba walioidhinisha matumizi walikuwa watumishi wa serikali ya mnunuzi, na muuzaji hakuwa na mtu wa kumsemea. Hesabu safi bila ya mwenye mali kuwa na sauti ni ulinzi wa nani?

Hoja ya pili ya watetezi, na kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote ingawa ndiyo inayorudiwa zaidi, ni kwamba shinikizo lilikuwa la lazima ili kuwakomboa watumwa. Uovu wa utumwa hauna mjadala. Mjadala ni kama maofisa waliombana sultani walimbana kwa ajili yake. Tarehe zenyewe zinajibu. Hazina, polisi na forodha zilichukuliwa mwaka 1891, lakini hali ya utumwa haikufutwa kisheria hadi Aprili 1897. Kwa miaka sita Waingereza walikuwa na funguo za serikali nzima na watumwa wakaendelea kuchuma karafuu. Wakati huo huo, konsuli mkuu Arthur Hardinge alikuwa akiandika London kupinga ufutaji wa haraka, akihofia kuporomoka kwa mashamba na mapato. Msukumo ulitoka kwa wapinga utumwa na wabunge waliokuwa Uingereza, walioilazimisha serikali yao. Hata amri ya 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, ikampa bwana haki ya fidia, na ikawaacha masuria nje ya uhuru huo hadi mwaka 1909. Kama maofisa wangekuwa na haraka ya kumkomboa mtu wa shambani kama waliyokuwa nayo ya kuikamata forodha, tungekuwa tunasimulia historia nyingine.

Kwa upande wa pili, wale wanaouona ukoo wa Busaidi kuwa mhanga tu wanatoa mfano wa Seyyid Khalid bin Barghash. Mfano huo unastahili kutazamwa kwa utulivu, hasa kwa kuwa kila mwezi wa Agosti mitandaoni hurudiwa habari za vita vifupi kuliko vyote duniani, kama vile jambo hilo lilikuwa mchezo. Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Khalid aliingia katika kasri bila ya kuomba idhini ya konsuli, na akapewa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 atoke. Muda ulipopita, manowari za Admeri Harry Rawson zilifyatua mizinga. Kasri likabomoka, meli ya sultani iitwayo Glasgow ikazama, na ndani ya muda usiofika saa moja watu wapatao 500 wa upande wa Khalid walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, na Hamoud bin Mohammed akawekwa kwenye kiti siku ile ile. Wanaokipima kisa hiki kwa dakika wanakosa kukiona chanzo chake. Mgogoro ulianza miaka mitano nyuma, mtawala alipoondolewa hazina, na Hamad naye alikuwa tayari amegombana na Waingereza juu ya askari wake binafsi. Swali la Agosti 1896 lilikuwa kama sultani anaweza kuwa na jambo lolote ambalo ni lake, na lilijibiwa kwa mizinga.

Sikubaliani, hata hivyo, na wanaomfanya Khalid kuwa mpigania uhuru wa Wazanzibari. Hatuna msingi wa kudai kwamba angewaachia huru watumwa au kuwashirikisha wenyeji katika utawala. Alikuwa anadai haki ya mwana wa Barghash kukirithi kiti cha Barghash. Ninachokiona mimi ni kikubwa kuliko Khalid mwenyewe. Baada ya siku ile, hakuna mwana wa ukoo huo aliyefikiri tena kwamba njia ya kufika kwenye kiti inapita kwa masheikh, kwa koo kubwa, au kwa watu wa Ng'ambo, mitaa ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, na mashamba. Ilipita kwa balozi peke yake. Ali bin Hamoud, aliyesomeshwa Harrow huko Uingereza, alirithi mwaka 1902 akiwa bado kijana, na nchi ikaendeshwa kwa niaba yake na ofisa wa Kiingereza, A. S. Rogers, hadi mwaka 1905. Mwaka 1906 madaraka ya maofisa yakaimarishwa tena, na mwaka 1911 Ali akajiuzulu akiwa Ulaya, asirudi tena kutawala. Alikuwa zao kamili la mageuzi: mtawala aliyelelewa na wasimamizi wake kwa ajili ya kazi ambayo wao wenyewe walikuwa wameiondolea maana. Katika miaka hiyo Beit al-Ajaib, ambayo ilipata mnara wake wa saa mbele baada ya mashambulizi ya 1896, iligeuzwa kuwa ofisi za serikali ya kikoloni, na makarani wakaketi katika kumbi alizozijenga Barghash kwa sherehe zake.

Seyyid Khalifa bin Harub alitawala kuanzia mwaka huo wa 1911 hadi 1960, na watu wengi, wakiwemo wasioupenda usultani, walimheshimu kwa upole na busara zake. Lakini mwaka 1913 Zanzibar ilihamishiwa Wizara ya Makoloni, na mabaraza yaliyofuata, lile la 1914 na yale ya Utendaji na ya Kutunga Sheria ya mwaka 1926, yalijengwa juu ya uteuzi na juu ya kugawa viti kwa asili za watu. Mwafrika wa kwanza, Ameir Tajo, hakuingia katika Baraza la Kutunga Sheria hadi mwaka 1946, miaka 55 baada ya Portal kutangaza kwamba ameleta utawala wa kisasa. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwaka 1957. Takwimu hizi ndizo zinazonifanya nisikubali kuyaita mageuzi ya 1891 kuwa ni hatua ya kwanza kuelekea serikali ya watu. Kama ilikuwa hatua ya kwanza, ya pili ilichukua nusu karne, na katika muda huo bendera nyekundu ya sultani iliendelea kupepea juu ya maamuzi ambayo hayakuwa yake, naye akibeba lawama zake.

Hapo ndipo penye matokeo makubwa zaidi kwa mwaka 1964. Waingereza waliufundisha umma wa Zanzibar kuamini kwamba hii ni nchi ya Kiarabu inayolindwa na Uingereza, kisha wakaondoka Desemba 1963 na kumwachia Jamshid jina la mkuu wa nchi bila ya nguzo yoyote ya kumshikilia. Hakuwa na jeshi, kwa kuwa ukoo wake ulinyang'anywa nguvu za silaha tangu miaka ya 1890. Polisi ilikuwa kazi ya wengine. Hakuwa na mafungamano na wakulima wa Unguja wala wakazi wa Ng'ambo, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka 70 ukoo haukuhitaji kuyajenga. Silaha za polisi zilizokuwa Ziwani na Mtoni zilipotekwa usiku wa Mapinduzi, Uingereza, ambayo mwaka 1896 ilileta manowari kumweka sultani inayemtaka, haikuingilia kumwokoa sultani iliyemrithisha. Maelfu ya watu, wengi wao wasio na uhusiano wowote na kasri, waliyalipia kwa maisha yao. Kuyaeleza hayo kwa chuki ya karne moja dhidi ya Waarabu peke yake, au kwa hila za watu wa nje peke yake, ni kuacha katikati pengo la miaka 70 ambamo serikali haikuwa na jukwaa la mtawala na mtawaliwa kubishana na kupatana.

Kwa hiyo mjadala uliozuka baada ya kifo cha Jamshid unahitaji mhusika wa tatu, yule aliyekuwa akiandika maagizo. Beit al-Ajaib, iliyoporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, inajengwa upya kwa msaada wa Oman, na bila shaka vyumba vyake vitapangwa tena vitu vya kuonyeshwa. Itakuwa ni haki kuonyesha viti vya dhahabu na vyombo vya kaure vya masultani, na ni wajibu kuonyesha minyororo na mashamba. Ningependa chumba kimoja kitengwe kwa ajili ya meza ya Waziri wa Kwanza: mkataba wa Juni 1890, mpango wa Oktoba 1891, hesabu za zile pauni 200,000, na amri ya 1897 pamoja na masharti yake yote. Barua nyingi za konsuli zimo katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na zinasomeka. Wanafunzi wetu wa historia wapelekwe kuzisoma sambamba na barua za Kiarabu za masultani na masheikh, ili watakapoandika juu ya ukoo wa Busaidi waweze kutenganisha kosa lililotendwa na sultani, kosa lililotendwa kwa jina la sultani, na kosa ambalo sultani hata hakuulizwa.